Malipo ya Leo, Tarehe ya Jana: Kanzidata na Suala la Saa

Mkulima wa Malampaka, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, analipia ada kwa simu saa tatu asubuhi. Ujumbe wa muamala unasomeka 09:00. Baadaye anapewa stakabadhi iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo, nayo inasomeka 06:00. Mmoja akiitazama anasema ni saa sita mchana, na wakati huo ulikuwa haujafika. Mwingine anasema ni saa kumi na mbili asubuhi, ofisi ikiwa bado imefungwa. Karani naye anaapa kwamba mashine yake iko sawa, na kwa kweli iko sawa. Mabishano ya namna hii yamekuwa ya kawaida tangu huduma nyingi zihamie kwenye mifumo ya kompyuta. Lawama hutupwa kwa mtandao, kwa umeme au kwa karani, na mara chache sana hufika inapostahili: kwa uamuzi ambao haukufanywa siku mfumo ulipojengwa, kwamba saa inayoandikwa kwenye kanzidata ni saa ya wapi.

Saa moja, namba tatu

Saa tatu asubuhi ya Maswa ni 09:00 kwa saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Kwa UTC, dakika hiyohiyo ni 06:00. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, ni saa 3:00. Kwa hiyo kuna namba tatu, tisa, sita na tatu, na zote ni kweli kwa wakati mmoja. UTC imekaa katikati kabisa ya saa ya skrini na saa ya mdomoni, ndiyo maana mtu wa Simiyu huchanganywa na seva yenye UTC kwa namna ambayo mtu wa London hawezi kuijua.

Safari ya saa hiyo ina vituo vitatu. Programu ya mtumiaji, iwe kwenye simu au kompyuta ya ofisini, ina ukanda wake wa saa. Muunganisho kati ya programu hiyo na kanzidata una ukanda wake, ambao aghalabu huwekwa bila mtu kuuchagua. Seva yenyewe ina wa kwake, uliotokana na mfumo endeshi wake. Vituo vyote vitatu vikikubaliana, hakuna anayegundua kwamba kuna jambo la kukubaliana. Kimoja kikibadilika, saa tatu zinapotea au zinazaliwa.

Kituo cha nne ni binadamu, naye hana mpangilio wa kubofya. Anayejaza fomu akiandika 3:00 akimaanisha asubuhi, mfumo utapokea 03:00, yaani saa tisa usiku, na kosa hilo la saa sita halirekebishwi na seva yoyote duniani. Dawa yake ni fomu inayomlazimisha kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku. Inashangaza jinsi fomu chache zinavyofanya hivyo katika nchi ambayo kila mtu husema saa kwa njia hiyo.

Hiyo +3 ilitoka wapi

Saa ni makubaliano ya kisheria, hata pale yanapofanana na maumbile. Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia. Maswa iko karibu na nyuzi 34, hivyo jua la utosi huchelewa huko takriban dakika 45 kuliko saa ya ukutani inavyodai. Dar es Salaam, kwa jua lake lenyewe, ingekuwa mbele ya UTC kwa saa 2, dakika 37 na sekunde 8.

Namba hiyo imo katika orodha ya kanda za saa inayotunzwa chini ya IANA, orodha ambayo karibu kila seva na kila simu huitegemea. Matoleo yake ya zamani yalieleza kuwa Dar es Salaam ilitumia saa ya jua hadi 1931, kisha +3 hadi 1948, kisha saa 2 na dakika 45 hadi 1961, ndipo ikarudi +3. Matoleo ya sasa yameiunganisha Dar es Salaam na Nairobi, ambayo kwa mujibu wa orodha imebaki +3 tangu 1942. Kwa malipo ya leo tofauti hiyo haina maana. Kwa kumbukumbu za wazee ina maana, na tutaifikia.

Lenye uzito zaidi ni kwamba tangu hapo hatujagusa mishale. Hatuna saa za kiangazi kama Ulaya, ambako kila mwaka kuna usiku mmoja wenye saa inayojirudia na usiku mwingine wenye saa isiyokuwepo. Utulivu huu ni neema, na pia ni chanzo cha uzembe. Fundi wa Berlin asiyeshughulikia kanda za saa ataumbuka ndani ya miezi sita. Fundi wa Bariadi anaweza kukaa miaka kumi na kosa lilelile, likamngoja siku seva inapohamishwa.

Kambi ya kwanza: seva iishi saa za hapa

Wapo wanaosema mambo yasifanywe magumu. Seva iwekwe saa za Afrika Mashariki, safu za kanzidata ziandike saa kama ilivyo ukutani, basi. Hoja yao si ya kubezwa. Afisa TEHAMA wa halmashauri anayeombwa ripoti ya makusanyo ya leo anaandika sharti moja tu la tarehe, na siku inaanza saa sita usiku na kuishia saa sita usiku. Mhasibu anayepakua data kwenye Excel anaona saa anayoijua. Mkaguzi haulizi maswali.

Udhaifu ni kwamba safu ya aina ya DATETIME katika MySQL, au timestamp isiyo na ukanda katika PostgreSQL, huhifadhi namba bila kusema ni ya wapi. Maana yake inabaki kichwani mwa aliyejenga mfumo. Akihamishwa kituo, maana inahama naye.

Balaa huja siku ya kuhamia kwenye seva za kukodi. Mashine za namna hiyo, ziwe katika kituo cha Amazon kilichofunguliwa Cape Town mwaka 2020 au kwingineko, kwa kawaida huwashwa zikiwa UTC. Tazama kwa karibu kinachotokea kwenye MySQL. Nakala inachukuliwa kwa mysqldump, ambayo kwa kawaida yake husafirisha safu za TIMESTAMP kwa UTC, hivyo zinafika salama. Safu za DATETIME zinasafirishwa kama zilivyo: iliyokuwa 09:00 inabaki 09:00. Mfumo unawashwa, malipo mapya yanaandikwa kwa NOW(), na NOW() ya seva mpya ni UTC. Kuanzia hapo safu moja ina saa za aina mbili, za zamani za Afrika Mashariki na mpya za UTC, na hakuna alama yoyote inayozitenganisha. Ripoti ya wiki hiyo itaonyesha malipo yaliyofanyika kabla hayajaanza. Baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka tarehe ya kuhama.

Kambi ya pili: kila kitu UTC

Kambi hii ndiyo yenye sauti kubwa vyuoni na katika miongozo ya kiufundi: hifadhi UTC, geuza kwenda saa za hapa kwenye skrini tu. Nguvu yake ni kwamba matukio yote yanakaa kwenye mstari mmoja. Muamala wa Maswa, wa Kigali (+2), wa Lubumbashi (+2), wa Kinshasa (+1) na wa Muscat (+4) hupangika kwa mfuatano wake wa kweli bila hesabu ya ziada. Mtu wa Simiyu anayetumiwa fedha na ndugu yake aliyeko Oman hahitaji kujua lolote, mfumo unajua.

Ila kuna bei, na wahubiri wa UTC huitaja kwa sauti ya chini. Bei yenyewe ni mpaka wa siku. Chukua mgonjwa anayefikishwa hospitali ya wilaya usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, na ndugu zake wanalipa kwa simu saa nane na robo usiku, yaani 02:15. Kwa UTC, malipo hayo ni ya 30 Juni saa 23:15. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Ripoti iliyoandikwa kwa DATE(muda) bila kugeuza ukanda itayapeleka mapato hayo mwaka wa fedha uliopita, wakati taarifa ya benki inayaweka mwaka mpya. Kiasi kinaweza kuwa kidogo, lakini usuluhishi wa hesabu hauangalii ukubwa wa kiasi. Na jambo hilohilo hutokea kila siku, kimyakimya, kwa kila kilichofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, wakiwemo watoto wanaozaliwa saa hizo.

Bei ya pili ni ya mambo yajayo. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha mishale saa moja nyuma, kutoka +3 kwenda +2. Sudan ilikuwa imefanya hivyo Novemba 2017, na Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023. Miadi ya Juba iliyopangwa mapema kwa saa 09:00 na kuhifadhiwa kama 06:00 UTC ilijikuta, baada ya badiliko, ikionyeshwa 08:00. Walioalikwa waliambiwa 09:00, ukumbi ulikodiwa kwa 09:00, mfumo peke yake ndio uliobishana. Tukio lililokwisha kutokea ni dakika halisi katika historia na UTC inalihifadhi vizuri. Miadi ni ahadi iliyofungwa kwenye saa ya ukutani ya mahali fulani, na ukiigeuza mapema unaitia sheria ya leo kwa siku ambayo huenda ikawa na sheria nyingine. Ratiba ya treni ni ya kundi hilo: inayotangazwa kuondoka saa fulani inaondoka kwa saa ya hapo stesheni, hata Bunge likibadili saa za nchi.

Watanzania wengi wamekwisha kuonja, bila kuambiwa hivyo, maana ya mashine kuhifadhi wakati kama hesabu. Mita za LUKU hufuata kiwango cha kimataifa ambacho kwacho kila tokeni hubeba idadi ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa namba hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, nazo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu TANESCO ilihimiza wateja kuboresha mita kabla ya siku hiyo, na watu wakaingiza tarakimu nyingi kuliko walivyozoea. Aina ya TIMESTAMP katika MySQL ina ukuta wa jinsi hiyo: haipokei wakati wowote baada ya 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, ambayo hapa kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Hati ya mkopo wa miaka 15 inayoandikwa leo inauvuka ukuta huo.

Kambi ya tatu: kanzidata ijigeuzie yenyewe

Kambi hii inasema kazi ya kugeuza isiachwe kwa programu hata kidogo. PostgreSQL ina aina ya timestamptz, ambayo hupokea saa pamoja na ukanda, huibadili kuwa UTC, kisha humrudishia kila msomaji kwa ukanda wa muunganisho wake. TIMESTAMP ya MySQL hufanya karibu hivyohivyo. Oracle na SQL Server zina aina zao. Mhasibu wa Maswa na mkaguzi aliyeko Geneva wakisoma rekodi moja, kila mmoja anaona saa yake.

Ni suluhisho zuri, ila lina jina linalopotosha. Wengi hudhani timestamptz inahifadhi ukanda. Haihifadhi. Inautumia mlangoni na kuutupa, hivyo huwezi kuuliza baadaye kama malipo yalifanyikia Maswa au Lubumbashi. Anayehitaji hilo lazima aweke safu nyingine yenye jina la ukanda.

Pia inaegemea muunganisho, na muunganisho ni mahali penye giza. Draiva ya Java ya PostgreSQL huupa muunganisho ukanda wa mashine ya mtumiaji. Chombo kingine kwenye kompyuta hiyohiyo kinaweza kufuata ukanda wa seva. Swali moja, kwenye jedwali moja, likaulizwa kwa njia mbili, linaleta majibu mawili. Ndipo watu wanapoanza kuongeza saa tatu kwa mkono ndani ya programu, na mwezi unaofuata mwingine anaongeza tena asijue kwamba zimekwisha kuongezwa.

Majina ya kanda yana mitego yake. Kifupi EAT kinaonekana wazi kwetu, lakini Java hukitafsiri kuwa Africa/Addis_Ababa. Saa zinalingana na zetu, kwa hiyo tumepona kwa bahati. MySQL haijui jina Africa/Dar_es_Salaam hadi majedwali ya kanda yapakiwe, na kabla ya hapo CONVERT_TZ hurudisha NULL bila kelele.

Mtego mkubwa kuliko yote ni wa PostgreSQL. Fundi akiandika SET TIME ZONE 'UTC+3', anapata kinyume cha alichotaka, kwa sababu maandishi hayo husomwa kwa kanuni ya kale inayohesabu kuelekea magharibi. Saa inarudi nyuma tatu kutoka UTC badala ya kwenda mbele. Sasa rudi kwa mkulima wa Malampaka: 09:00 ya hapa ni 06:00 UTC, na kwa mpangilio huo mbovu skrini inaonyesha 03:00. Nje ni saa tatu asubuhi! Fundi anatazama saa ya mkononi aliyoitega kwa Kiswahili, anatazama skrini, anaridhika. Sijui kosa lingine la kompyuta linalojificha vizuri hivi katika nchi moja na kuonekana waziwazi katika nyingine. Linafichuka usiku tu: saa kumi na moja ya alfajiri itaonekana 23:00, tena ya jana.

Tarehe ambazo hazina saa

Kambi zote tatu hubishania matukio, na zote husahau kwamba data nyingi za ofisi za umma ni tarehe tupu: siku ya kuzaliwa, mwanzo wa msimu wa pamba, mwisho wa leseni. Tarehe ya namna hii haina saa, kwa hiyo haina ukanda. Ubaya unaanza pale programu inapoilazimisha kuwa na saa.

Kivinjari kikipokea 10 Mei, mara nyingi huielewa kama saa sita usiku ya Maswa kuingia 10 Mei. Kikiituma kwa UTC, inakuwa 9 Mei saa 21:00. Seva ikikata saa na kubakiza tarehe, mtoto amezaliwa siku moja kabla. Kosa hili ni la kawaida zaidi hapa kwetu kuliko Marekani. Huko Marekani saa iko nyuma ya UTC, hivyo saa sita usiku yao haivuki kurudi jana.

Kwa wazee kuna toleo lake la dakika 15. Tarehe ya kuzaliwa ya 10 Mei 1955 iliyohifadhiwa kama saa sita usiku kwenye mashine yenye orodha mpya ya kanda huandikwa 9 Mei saa 21:00 UTC. Ikisomwa na mashine yenye orodha ya zamani, ambayo kwayo mwaka ule Tanganyika ilikuwa saa 2 na dakika 45, inatoka 9 Mei saa 23:45. Mzee anayefuatilia mafao anaambiwa taarifa zake hazilingani. Hakuna karani awezaye kumweleza sababu, na maelezo yenyewe, akiyapata, hayatamsaidia dirishani. Aina ya DATE, isiyobeba saa, ipo katika MySQL na PostgreSQL na inamaliza tatizo hili lote. Hakuna mvutano wa faida na hasara hapa: kutoitumia ni kosa tu.

Simu isiyo na mtandao

Vijijini data nyingi hukusanywa kwa simu au kishikwambi bila mtandao na kutumwa baadaye. Ukanda unaweza kuwa sahihi na saa yenyewe ikawa mbovu, kwa sababu chaji iliisha au mtu aliibadili. Ni tatizo tofauti, ingawa dalili zinafanana. Kinga yake ni kuhifadhi saa mbili kwa kila rekodi, ile iliyodaiwa na kifaa na ile ambayo seva ilipokea, na kutofuta hata moja.

Uzito uko wapi

Kwa mfumo usiotarajiwa kutoka nje ya ofisi moja ya Maswa, kambi ya kwanza ina haki zaidi ya inavyopewa. Tatizo ni kwamba mifumo ya namna hiyo inazidi kupungua. Malipo yanapita kwenye mitandao ya simu, benki na mifumo ya serikali kuu, na seva zinahamishwa bila watumiaji kuulizwa. Kwa hali hiyo, matukio yaliyokwisha kutokea yahifadhiwe kwa aina inayojua UTC, yaani timestamptz au mwenzake. Ahadi za mbele zihifadhiwe kwa saa ya ukutani pamoja na jina kamili, Africa/Dar_es_Salaam, kamwe si +3 tupu. Tarehe zibaki tarehe. Ukanda wa muunganisho utajwe waziwazi na kila programu inapofungua mlango wa kanzidata, bila kutegemea alichoweka aliyesimika seva.

Mzigo wa uamuzi huu unaangukia ripoti. Kila swali linalogawa data kwa siku lazima ligeuze ukanda kabla ya kukata tarehe, na waandishi wa ripoti hawafanyi hivyo kwa hiari. Njia inayovumilika ni kuwajengea mwonekano mmoja ndani ya kanzidata wenye siku ya Tanzania iliyokwisha kukokotolewa, na kuwanyima ruhusa ya kusoma jedwali lenyewe. Watanung'unika, hasa waliozoea kuchota data moja kwa moja.

Kwa mifumo ambayo tayari ina mshono, yaani mahali ambapo saa za Afrika Mashariki na za UTC zimekutana katika safu moja, kuna njia ya kuutafuta. Panga rekodi kwa namba ya mfululizo na utazame muda: namba inapopanda huku muda ukirudi nyuma kwa takriban saa tatu, hapo ndipo seva ilipohamishwa. Ukishapata mahali hapo, linganisha rekodi chache za pande zote mbili na taarifa za benki au za mtandao wa simu kabla ya kugusa chochote, kisha rekebisha upande mmoja tu na uandike ulichofanya. Kazi hiyo inawezekana ilimradi kumbukumbu za seva ya zamani zipo, na ofisi nyingi huzifuta kwanza zinapoishiwa nafasi.